Washairi na Miji Yao: Safari ya Shiraz, Konya, Iskandaria, Siyu na Mombasa



Wiki hii tunawaalika wasomaji wetu, akina mama pamoja na aila zao, katika safari ya miji mitano. Safari yenyewe haihitaji pasi wala nauli. Yatosha mtu kuketi na wanawe baada ya Isha akawasomea. Tutaizuru miji walimoishi washairi wa Kiislamu wa zama mbalimbali, na katika kila mji tutauliza maswali mawili. La kwanza: mshairi huyu aliishi vipi, na alitunga kwa mtindo gani? La pili: ni nani aliyembebea maneno yake hata yakavuka karne na karne yakatufikia sisi?

Swali hilo la pili ndilo lililotushikisha kalamu. Pwani yetu ina nyumba ambazo ndani ya masanduku yake mna madaftari ya tendi na kasida, yaliyoandikwa kwa khati za Kiarabu na wazee waliotangulia. Karatasi zimegeuka rangi, mchwa wameanza kuonja pembe, na wajukuu wanazitazama bila ya kujua kilichomo. Wanajua ni kitu cha heshima, basi. Kabla ya kuyafungua masanduku hayo, na tutazame wenzetu wamewafanyia nini washairi wao.

SHIRAZ: MJI WA BUSTANI

Jina la Shiraz si geni masikioni mwetu. Habari za kale za Kilwa zinawataja watawala waliotoka huko, na hadi leo ziko jamaa za Pwani na visiwani zinazojiita Washirazi. Mji wenyewe uko kusini mwa Iran, katika jimbo la Fars, juu ya uwanda ulioinuka na kuzungukwa na milima. Ni mji uliosifika kwa bustani, kwa miti ya michungwa na kwa washairi. Wawili kati yao, Saadi na Hafidh, wamezikwa humo, na makaburi yao yote mawili yamewekwa ndani ya bustani.

Saadi alizaliwa mwanzoni mwa karne ya 13. Alisoma Baghdad, katika madrasa mashuhuri ya Nidhamiya, kisha akatembea miaka mingi katika nchi za Waislamu kabla ya kurudi kwao. Mwaka 1257 alimaliza kitabu chake cha Bustani, na mwaka uliofuata akatoa Gulistani, yaani bustani ya mawaridi. Mwaka huo huo, 1258, majeshi ya Wamongoli yaliingia Baghdad, yakamwua khalifa na kuuteketeza mji aliosomea. Ulimwengu wa Saadi ulikuwa ukibomoka, naye alikuwa ameketi akiandika hadithi za adabu.

Mtindo wake katika Gulistani ni kuchanganya nathari na beti. Husimulia kisa kifupi cha mfalme, cha darweshi, cha mfanyabiashara au cha mtoto mkaidi, kisha hukifunga kwa beti mbili tatu. Maneno yake ni mepesi, na mafunzo yake yanamfaa mdogo na mkubwa. Ndiyo maana kwa karne nyingi, kuanzia Iran hadi Bara Hindi, Gulistani kilikuwa kitabu cha kusomeshea watoto. Basi ukiuliza nani aliyembeba Saadi, jibu ni walimu wa chuoni na wanafunzi wao wadogo, waliozihifadhi hadithi zake kabla ya kuzielewa barabara.

Hafidh alikuja karne moja baadaye, akafariki mwaka 1390 hivi. Jina lake lilikuwa Shamsuddin Muhammad. Hilo la Hafidh alilipata kwa kuihifadhi Qur'ani Tukufu. Tofauti na Saadi, yeye hakupenda safari. Wasimulizi husema kwamba mfalme mmoja wa Bara Hindi alimwalika, naye akashuka hadi Hormuz kupanda jahazi; lakini alipoiona bahari imechafuka, alighairi akarudi kwao. Wasomaji wetu wenye jamaa mabaharia watatabasamu hapo, ila watamwelewa.

Mtindo wa Hafidh ni ghazali: shairi fupi ambalo kila ubeti husimama peke yake kama shanga, na kinachozifunga shanga hizo ni kina kimoja kinachorejewa mwishoni mwa kila ubeti. Katika ubeti wa mwisho mshairi hulitaja jina lake mwenyewe. Maneno ya Hafidh yana sura mbili. Anapotaja kinywaji na kipenzi, wako waliomchukulia kwa dhahiri ya maneno yake wakamlaumu, na wako waliosema kuwa ni mapenzi ya mja kwa Mola wake. Mjadala huo haujesha hadi leo.

Yeye mwenyewe hakuacha diwani iliyokamilika. Yasemekana rafiki yake aitwaye Muhammad Gulandam ndiye aliyezikusanya ghazali zake baada ya kufa kwake. Leo, nyumba nyingi za Iran zina diwani hiyo. Katika usiku ulio mrefu kuliko wote wa mwaka, mwezi wa Disemba, aila hukusanyika kwa mzee wao, hukata matikiti na makomamanga, na mzee husoma Hafidh kwa sauti huku watoto wakisikiliza. Wapo wanaokifungua kitabu hicho ili kutafuta ishara ya mambo yajayo. Hilo tusiliige, kwani ghaibu ni ya Mwenyezi Mungu peke yake. La kuigwa ni ule mkusanyiko: babu, kitabu na wajukuu chini ya taa moja.

KONYA: KUBA LA KIJANI

Kutoka Shiraz twende magharibi hadi Konya, katika nchi ya Uturuki. Huko amelala Maulana Jalaluddin Rumi, chini ya kuba la kijani linaloonekana kutoka mbali. Rumi hakuzaliwa Konya. Alizaliwa mwaka 1207 upande wa Balkh, maelfu ya kilomita mashariki. Babake, Bahauddin Walad, alikuwa mwanachuoni, na aliihamisha aila yake yote miaka ile ya misukosuko iliyotangulia uvamizi wa Wamongoli. Walisafiri kwa miaka. Mamake Rumi, Bi Mu'mina, hakufika Konya. Alifariki njiani katika mji uitwao leo Karaman, na kaburi lake liko huko. Tunalitaja hilo kwa kuwa wanaozuru kuba la mwana ni wengi, na wanaomkumbuka mama ni wachache.

Rumi alikuwa mwalimu wa fiqhi mwenye wanafunzi wengi, hadi mwaka 1244 alipokutana na Shams wa Tabriz, na maisha yake yakageuka. Shams alipotoweka, majonzi yakawa mashairi. Baadaye akaanza kazi yake kubwa, Mathnawi, yenye juzuu sita na beti zipatazo 25,000. Mtindo wa mathnawi ni tofauti na ghazali: kila ubeti una vipande viwili vyenye kina chake, na ubeti unaofuata huja na kina kipya. Kwa hivyo mshairi hafungwi na kina kimoja, na aweza kusimulia hadithi ndefu bila ya kuchoka.

Mbebaji wake alikuwa Husamuddin Chelebi, mwanafunzi wake. Rumi alitamka, naye Husamuddin akaandika, pengine usiku kucha hadi Alfajiri. Kisha akamsomea mwalimu wake yale aliyoyaandika. Rumi alipofariki, tarehe 17 Disemba 1273, jeneza lake lilifuatwa na Waislamu, Wakristo na Mayahudi wa mji huo.

Lakini Konya ina funzo jingine, nalo latuhusu sana. Rumi alitunga kwa Kifarsi, na Waturuki nao waliiandika lugha yao kwa herufi za Kiarabu. Mwaka 1928 serikali ya Uturuki ilibadilisha herufi hizo ikaleta za Kilatini. Katika muda wa kizazi kimoja, mjukuu akawa hawezi kusoma barua ya babu yake. Anasimama mbele ya maandishi mazuri ya ukutani, anayaona, na hayamwambii kitu. Je, msomaji, hukuyaona hayo mahali pengine karibu nawe?

ISKANDARIA: KASIDA ILIYOVUKA BAHARI

Tushuke sasa hadi Misri, kwenye mji wa Iskandaria ulio ukingoni mwa bahari. Hapo upo msikiti wa Imamu Sharafuddin Muhammad al-Busiri, ukikabiliana na msikiti wa shekhe wake, Abul Abbas al-Mursi. Al-Busiri aliishi karne ya 13, zama zile zile za Saadi na Rumi. Hakuwa mtu wa makuu. Alifanya kazi ya ukarani katika mji wa Bilbays, na alisifika kwa khati yake nzuri.

Kisa chake ni mashuhuri. Alipatwa na kiharusi, nusu ya mwili wake ikapooza. Akatunga kasida ya kumsifu Mtume, rehema na amani zimfikie, akawa akiisoma na kumwomba Mola wake ponya. Inapokewa kwamba alimwota Mtume akimfunika kwa joho lake, na alipoamka akajikuta mzima. Joho kwa Kiarabu ni burda, na kwa jina hilo kasida ikajulikana. Mtindo wake ni wa kasida ya Kiarabu kamili: beti zaidi ya 150, zote zikiishia kwa herufi moja, mim, mwanzo hadi mwisho.

Al-Busiri ana kasida nyingine ndefu zaidi, ambayo beti zake huishia kwa hamza, na kwa sababu hiyo ikaitwa Hamziya. Hii ndiyo iliyopanda jahazi ikaja kwetu. Katika mji wa Pate, Sayyid Aidarus bin Athman aliitafsiri yote kwa Kiswahili cha kale, na wanakili wakaandika mstari wa Kiarabu na chini yake mstari wa Kiswahili. Ni miongoni mwa tungo kongwe za lugha yetu zilizohifadhika kwa maandishi. Basi tazama njia ya maneno: karani wa Misri atunga, sharifu wa Pate afasiri, na mkono usiojulikana wanakili kwa wino na kalamu ya tete.

SIYU: MAMA, KARATASI NA WINO

Tumefika kwetu. Kisiwa cha Pate hakifikiwi kwa pupa. Msafiri hupanda boti Lamu, akapita Mkanda, ule mkondo mwembamba kati ya mikoko, na bamvua likiwa limetoka, hana budi kungoja maji yajae. Katika kisiwa hiki, mji wa Pate ulikuwa dola yenye nguvu, na ulipoanguka, Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir aliyaona majumba yake matupu akatunga Al-Inkishafi. Ni utungo wa kuuonya moyo wake mwenyewe, usighurike na dunia. Magofu ambayo wageni hupiga picha, yeye aliyafanya kuwa mwalimu.

Mbele kidogo ni Siyu. Mgeni hulakiwa na ngome iliyojengwa karne ya 19, kisha na vichochoro vya mawe, makaburi ya kale, na mafundi wa ngozi ambao kazi yao ni urithi wa mababu. Siyu ilikuwa mji wa wanachuoni na wanakili. Misahafu iliyoandikwa kwa mkono huko inasifika hadi leo kwa uzuri wa khati na mapambo yake.

Katika mji huu aliishi Mwana Kupona binti Msham, mzaliwa wa Pate. Alikuwa mke wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyempinga Sayyid Said wa Zanzibar kwa miaka mingi bila ya kusalimu amri. Bwana Mataka alifariki mwaka 1856. Miaka miwili baadaye, mwaka 1275 wa Hijria, mjane huyu, akiwa amelemewa na maradhi aliyoyauguza kwa muda mrefu, alimtungia utendi binti yake, Mwana Hashima. Anamwita akae karibu, alete wino na karatasi, aandike. Haikupita miaka mingi, naye Mwana Kupona akafariki. Siyu yenyewe ilishikwa na majeshi ya Zanzibar mwaka 1863.

Mtindo ni wa utendi, nao ndio unaofaa kwa kuhifadhiwa. Kila ubeti una vipande vinne vya mizani minane. Vitatu vya mwanzo vina kina kimoja, na cha nne kina kina kinachorudi katika kila ubeti hadi mwisho. Anayesahau husaidiwa na kina; sikio humkumbusha ulimi. Kwa beti mia na mbili mama huyu anamwusia mwanawe dini kwanza, kisha adabu ya ulimi, kisha maisha ya ndoa, kisha huruma kwa wanyonge, na mwisho anainua mikono kuwaombea watoto wake na Waislamu wote. Na hakumwachia binti yake peke yake. Anawageukia wanawake wote na kuwahimiza wausome.

Wako wasomaji wa kike wa leo wanaoona kuwa wasia huu unamtaka mke unyenyekevu uliopita kiasi. Wako wanaosema kwamba mjane wa mtawala, katika mji uliozungukwa na vita, alikuwa akimpa binti yake silaha ya pekee aliyokuwa nayo, nayo ni busara ya kuishi na watu. Hatutaki kuhukumu kati yao katika ukurasa huu. Tunasema tu kwamba kila mwenye rai na ausome utendi wenyewe kwanza, mwanzo hadi mwisho, wala asitosheke na beti chache zilizotajwa harusini.

Nani aliyembeba Mwana Kupona? Wanawake. Walimnakili, wakamhifadhi na wakamwimba vyumbani kwao Lamu na kwengineko, miaka mingi kabla ya utendi wake kupigwa chapa. Kisha wakaja wanakili kama Muhammad Kijuma wa Lamu, mshairi na fundi wa kuchonga aliyefariki mwaka 1945, aliyeziandika tendi nyingi kwa khati yake nzuri. Nakala zake nyingi ziliagizwa na wataalamu wa Ulaya, na huko ndiko ziliko.

MOMBASA: MWALIMU SIKUJUA

Tumalizie Mombasa, Mvita, mji wa Muyaka bin Haji al-Ghassaniy. Alizaliwa mwaka 1776 hivi na kufariki mwaka 1840, akiwa ameushuhudia utawala wa Wamazrui na mwisho wake, Sayyid Said alipoitwaa Ngome mwaka 1837. Muyaka aliitoa tungo msikitini na katika vitabu, akaipeleka barazani na sokoni. Alitunga juu ya vita na majibizano na Walamu, juu ya njaa, biashara, mapenzi na udanganyifu wa dunia. Mtindo wake ni shairi la mistari minne, kila mstari mizani kumi na sita iliyogawanyika nusu kwa nusu. Ni chombo kidogo, lakini yeye alikipakia shehena nzito.

Naye, kama Hafidh, hakuacha diwani. Mashairi yake yalibaki vifuani mwa watu. Miaka arubaini na zaidi baada ya kufa kwake, Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi aliyakusanya kutoka kwa waliokuwa wakiyakumbuka, akayaandika kwa khati za Kiarabu, akishirikiana na mmisionari wa Kiingereza, W. E. Taylor. Lau si mwalimu huyo, tungalikuwa na jina la Muyaka tu. Baadaye Hichens akayachapisha mwaka 1940, na Profesa Mohamed Abdulaziz akatupa kitabu chake mwaka 1979. Ama karatasi zenyewe ziko London, chuoni SOAS. Kijana wa Mji wa Kale anayetaka kuiona khati ya Mwalimu Sikujua itambidi aitafute huko.

NYUMBANI KWETU

Tumeona bustani, makuba na magofu. Makaburi ya wenzetu yamepambwa, na si vibaya kuwaheshimu waliotangulia. Lakini si marumaru iliyomhifadhi Saadi. Ni watoto wa chuoni. Hafidh alihifadhiwa na rafiki, Rumi na mwanafunzi, Muyaka na mwalimu, na Mwana Kupona na binti yake pamoja na majirani wa binti yake. Hakuna hata mmoja kati ya wabebaji hao aliyengoja serikali wala jumba la makumbusho.

Nasi tuna jambo ambalo mjukuu wa Konya hakuwa nalo. Watoto wetu wanazijua herufi. Kila jioni wamo madrasa wakisoma Qur'ani kwa khati ile ile iliyotumiwa na nyanya zao kuandikia Kiswahili. Kinachowapinga ni kidogo: khati ya Kiarabu haina herufi za baadhi ya sauti zetu, kama vile p, v na ch, na wazee walizifidia kwa herufi jirani na nukta. Mtu mzima aliyezoea aweza kumfunza mtoto siri hiyo kwa wiki chache. Akifa kabla ya kuifunza, ndipo sanduku litakapofungwa kweli.

Kwa hivyo, mama msomaji, kama una mzee nyumbani ajuaye kusoma tendi, usingoje Ramadhani wala likizo. Mwekee kiti, mpe miwani yake, mtoe daftari sandukuni, na mmoja wa vijana amrekodi kwa simu anaposoma. Mtoto mwingine na aandike kwa herufi za Kilatini yale anayoyasikia, na mzee amsahihishe. Karatasi zenyewe zipigwe picha moja moja, kisha zirudishwe mahali pakavu, mbali na mchwa. Ubeti mmoja kwa usiku mmoja watosha. Utendi wa Mwana Kupona ungemalizika kwa miezi mitatu na siku chache, na mwisho wake nyumba ingekuwa na mbebaji mpya.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotunga na walionakili, na awape umri wazee wetu wajuao kusoma. Amin.